Steringi Kafa: Jioni Moja ya Filamu ya Rwanda Hapa Ngara

Aprili 2019, miaka 25 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, niliandaa onesho la filamu kwa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu na cha nne, hapa Ngara mkoani Kagera. Filamu ilikuwa Shooting Dogs, iliyoongozwa na Michael Caton-Jones na kutoka mwaka 2005. Inasimulia yaliyowapata watu waliokimbilia shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, jijini Kigali, katika siku za mwanzo kabisa za mauaji. Walikuja wanafunzi wapatao 60 na watu wazima kama 20. Wanafunzi walicheka pasipo na cha kuchekesha. Mama mmoja mtu mzima alitoka nje katikati ya filamu na hakurudi. Sisi tuliobaki ndani tulipanga viti tukaenda nyumbani filamu ikiwa bado haijaisha, na wala hatukujua kwamba haijaisha.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila ikikaribia Aprili napigiwa simu na mwalimu mwenzangu mmoja au mwingine, anauliza apate wapi filamu "ya Rwanda" awaoneshe vijana. Swali la wapi ataipata ni jepesi. Linalonisumbua ni jinsi ya kukaa nayo chumba kimoja pamoja na watu ambao jambo lile liliwapitia mlangoni.

Wilaya yetu inapakana na Rwanda na Burundi. Pale Rusumo maji ya Ruvubu yanayotoka Burundi hukutana na maji yanayotoka Rwanda, mto Kagera ukaendelea mpaka Ziwa Victoria. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti. Walioishi kando ya ziwa wanakumbuka kipindi ambacho watu waliacha kula samaki, na upande wa Uganda maelfu ya miili iliopolewa na kuzikwa ufukweni. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache tu. Waliovuka hawakuwa wa aina moja. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia RPF, jeshi la waasi wengi wao Watutsi, lililokuwa linasonga mbele; miongoni mwao walikuwepo watu wasio na hatia yoyote, na walikuwepo waliotoka kuua, wakifuatana na viongozi waliowatuma. Ndiyo maana hapa kwetu kuna maswali ambayo hayaulizwi. Mtu akisema "nilikuja mwaka tisini na nne", mazungumzo hugeukia mvua au bei ya kahawa.

Kuna jambo jingine la Ngara ambalo sikulifikiria kabisa siku ile, nami ni Mhangaza wa kuzaliwa, kabila la hapa. Kihangaza na Kinyarwanda ni lugha zinazosikilizana. Mzee wa hapa asiyejua neno la Kiingereza hahitaji mkalimani Mnyarwanda akizungumza. Kwa hiyo ukumbini mwangu kulikuwa na makundi mawili yanayotazama filamu mbili. Vijana walifuata Kiingereza na tafsiri ya Kiswahili, wazee walifuata sauti za pembeni, zile ambazo mtazamaji wa London anazipata kwa maandishi chini ya picha, na nyingine hazipati kabisa.

Maandalizi yalikuwa hivi. Ukumbi tuliazimwa na jumuiya moja ya kidini. Projekta tuliazima, na spika mbili kubwa pia. Skrini alitushonea jirani yangu, mama fundi nguo ambaye hapa nitamwita Mama Cherehani: shuka mbili nyeupe zilizounganishwa kwa mshono mmoja wa katikati, na upindo juu wa kupitishia fimbo. Alikataa malipo. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ni ile ya Kigali?" Nikamwambia ndiyo mama, kuna damu, kama hutaki usije. Akajibu damu ameshaiona. Alikuja Ngara mwaka ule, kutokea ng'ambo ya Rusumo. Zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza, na mpaka leo sijamuuliza.

Tatizo langu kubwa lilikuwa lugha. Kiingereza cha filamu kinakwenda kasi, na wanafunzi wangu wengi wanakisoma kuliko wanavyokisikia. Nikamtafuta kijana mmoja anayetafsiri filamu kwenye kibanda umiza cha mjini. Asiyejua kibanda umiza afikirie chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na kijana mwenye maikrofoni anayeigeuza filamu ya Kichina au ya Kimarekani kuwa ya Kiswahili palepale, huku akimpa kila mhusika jina na sifa. Ni ufundi wa kweli. Anasikia, anatafsiri, anaongeza chumvi, na hachelewi hata sekunde. Nilimpa filamu alasiri ileile ya onesho. Hakupata nafasi ya kuitazama mpaka mwisho, wala mimi sikukaa naye.

Taa zilizimwa saa moja jioni. Mwalimu kijana wa Kiingereza, Joe, alipotokea akikimbizana na wanafunzi wake uwanjani, dogo, yule mtafsiri wetu, akashika maikrofoni: "Huyu ndiye steringi wetu, mzungu hatari, roho ya chuma!" Ukumbi ukachangamka. Baadaye alipoingia padre mzee, Christopher, anayechezwa na John Hurt, steringi wakawa wawili. Kapteni wa Kibelgiji akapewa jina la Kamanda. Kijana François, mfanyakazi wa shule na rafiki wa Joe, alipotokea kwenye kizuizi cha barabarani ameshika panga, dogo akapaza sauti: "Kumbe msaliti!" Vijana wakapiga makelele kama wanavyopiga kibandani.

Nilipaswa kuizima pale. Nilijiambia watatulia.

Kisha filimbi zikaanza. Katika filamu, umati wa Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu walioendesha mauaji, nje ya lango la shule unaimba, unapuliza filimbi, unapunga mapanga. Tulikuwa na spika mbili kubwa kwenye chumba cha mabati. Dogo hakuwa na maandishi ya kutafsiri kelele za umati, basi akajaza kwa ubunifu wake, akawapa maneno ya maadui wa filamu za mapigano. Baadhi ya vijana wakacheka. Mzee mmoja aliyeketi mbele akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu kijana anatudanganya. Hawasemi hivyo." Hakusema wanasema nini. Nilipogeuka nyuma, kiti cha Mama Cherehani kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje chini ya mkaratusi. Ana kawaida ya kutembea na futi kamba shingoni hata akienda dukani. Alikuwa ameivua, anaizungusha vidoleni, anaikunjua, anaizungusha tena. Nikasema, "Pole mama." Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mwalimu, zile filimbi ungeniambia."

Nilirudi ndani. Padre Christopher alikuwa anawaficha watoto ndani ya lori ili awavushe. Aliposimamishwa kizuizini na kupigwa risasi, ukumbi ulilipuka. "Steringi kafa?" "Steringi hafi bwana, subiri!" "Kafa kweli!" Walibishana mpaka msichana Marie akafika Uingereza na kumkuta Joe akifundisha. Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, dogo akachomoa waya, akaweka muziki wa kusindikiza watu, na taa zikawashwa. Hivyo ndivyo ilivyo desturi: majina yakianza, filamu imekwisha.

Kabla sijasema makosa yalikuwa wapi, inabidi kusimulia kilichotokea ETO, kwa sababu vijana wale hawakuambiwa, na bila hicho filamu inabaki hadithi ya wazungu wawili.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ikitokea kwenye mkutano wa viongozi Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku huohuo vizuizi vikawekwa na mauaji yakaanza. Asubuhi ya tarehe 7 aliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, na wanajeshi 10 wa Ubelgiji, waliokuwa wametumwa kumlinda chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wakakamatwa na kuuawa nao. ETO ilikuwa shule ya mapadre Wasalesiani na kambi ya askari wa Ubelgiji wapatao 90 wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, chini ya Luteni Luc Lemaire. Watu wa Kicukiro waliona bendera ya buluu na bunduki, wakakimbilia huko. Walifika kama 2,000, wengi wao Watutsi. Nje ya uzio Interahamwe walisubiri.

Askari walikuwa na amri ya kulinda amani, na kupiga risasi waliruhusiwa kwa sababu chache tu. Jina la filamu linatoka hapo: kamanda anataka kuwapiga risasi mbwa wanaokula maiti nje ya lango, kwa ajili ya afya, na padre anamuuliza kama mbwa hao wamempiga risasi kwanza, maana ndiyo sharti alilokuwa analitaja kila anapoombwa kuwapiga wauaji. Tarehe 11 Aprili wageni walikuwa wameshachukuliwa, kisha askari wa Ubelgiji nao wakaamriwa kuondoka. Watu walilala mbele ya magari kuyazuia. Magari yakaondoka.

Filamu imejifunga kwenye lango na ua wa shule. Nje ya filamu, wengi wa walioachwa hawakuuawa palepale. Walijaribu kwenda kwa miguu kwenye uwanja wa Amahoro, ambako kulikuwa na askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Amahoro maana yake ni amani, na wanafunzi wangu walilijua neno hilo kabla ya kujua Kiswahili. Walizuiwa na wanajeshi karibu na makutano ya Sonatubes, wakageuzwa, wakaswagwa mpaka kilima cha Nyanza, mahali palipokuwa pakitupwa taka, na huko wakauawa kwa guruneti, risasi na mapanga. Wachache walionusurika chini ya maiti walikutwa na askari wa RPF. Leo Nyanza ya Kicukiro kuna makumbusho, na kila tarehe 11 Aprili watu hukusanyika pale.

Siku kumi baada ya magari kuondoka ETO, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi kilichokuwa na watu zaidi ya 2,500 kibaki na 270. Kwa jumla mauaji yalidumu takriban siku 100. Na jambo moja ambalo mwalimu wa Tanzania hapaswi kuliacha: kesi ya ETO ilisikilizwa Arusha. Georges Rutaganda, makamu wa pili wa mwenyekiti wa Interahamwe, alihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda tarehe 6 Desemba 1999, na shambulio la ETO pamoja na mauaji ya Nyanza yalikuwa sehemu ya hatia yake. Manusura walisafiri mpaka Arusha wakasimama mbele ya majaji wakaeleza walivyotembezwa. Mwanafunzi wa Ngara anaweza kupanda basi akafika mji ambao maneno hayo yalisemwa.

Turudi kwa steringi. Kwa wiki nzima nilimlaumu dogo moyoni. Kisha nikaitazama filamu upya peke yangu, na nikaona kwamba alichofanya ni kutamka kwa sauti kitu ambacho filamu yenyewe inakifanya kwa upole. Joe na padre Christopher ndio tunaopewa kuwajua kwa karibu: hofu zao, maombi yao, mabishano yao usiku. Marie tunamjua kidogo. Wengine 2,000 ni nyuso uani. Christopher ni mtu wa kutungwa. Kilichomtia nguvu mwandishi wa kisa ni maisha ya padre Vjekoslav Ćurić, Mfransisko kutoka Bosnia, aliyebaki Rwanda wakati wa mauaji, akawavusha watu kwa lori, na baadaye, mwaka 1998, akauawa Kigali. Ćurić hakuwa Mwingereza, wala hakufia kwenye kizuizi mwaka 1994. David Belton, mmoja wa walioiandaa filamu, alikuwa Rwanda mwaka ule akifanya kazi ya BBC. Nikikumbuka hilo naielewa filamu vizuri zaidi: ni filamu ya mtu aliyeondoka, kuhusu kuondoka. Nguvu yake ipo ndani ya lori la Wabelgiji, mahali Joe anapokaa huku lango likibaki nyuma yake.

Hiyo ni hadithi ya kweli na inastahili kusimuliwa. Lakini mtoto wa Ngara hakuwa ndani ya lori. Kwa jiografia, kwa lugha na kwa sura, yeye ni wa uani. Mimi nilimpandisha lorini kwa saa mbili, nikampa steringi wa kumlilia, na alipokufa mtu mmoja ukumbi ulisimama, ilhali watu 2,000 walipoachwa langoni mtu wa nyuma alikuwa anaomba karanga. Nilimsikia. Silaumu karanga zake. Macho yake yalifuata mahali sauti ya maikrofoni ilipomwelekeza.

Na lile neno "msaliti" liliharibu zaidi kuliko steringi. François ndiye swali gumu kuliko yote kwenye filamu. Asubuhi anacheka na Joe, anampeleka kwa gari, anajua majina ya watoto. Siku chache baadaye amesimama barabarani na panga lenye damu. Mtu anafikaje pale? Redio ilifanya nini, woga ulifanya nini, viongozi walimwahidi nini, na yeye mwenyewe aliamua nini? Hapo ndipo kijana wa miaka 17 anapaswa kukwama, akose usingizi. Kwenye filamu za mapigano msaliti ni mtu aliyekuwa mbaya tangu mwanzo, akajificha. Ukishamwita hivyo huna cha kuuliza tena. Neno moja la kibandani lilifunga mlango ambao nilikuwa nimeazima projekta ili niufungue.

Sasa filimbi. Nilimwonya Mama Cherehani kuhusu damu, kwa sababu mimi ninayetazama kwa mbali naogopa damu. Yeye alikuwa amejiandaa kwa damu, na kwa kweli filamu hii haimwagi damu nyingi machoni. Inaweka mengi nje ya uzio, masikioni. Aliyeokoka amejificha, darini, shambani au chini ya kitanda, hakuona mengi. Alisikia. Filimbi, wimbo, panga likiburuzwa lami, jina lake likiitwa. Mtu akiniomba ushauri mmoja tu katika kisa hiki, nitasema: itazame filamu mapema umefumba macho, uandike kila sauti, kisha uwaambie watu sauti hizo na zitakuja baada ya dakika ngapi. Na uzipunguze spika. Haikunijia akilini kwamba kuongeza sauti ili waliokaa nyuma wasikie kulikuwa ni kumpelekea yeye filimbi mpaka kwenye kiti chake, maana ndiye aliyekaa nyuma.

Filamu hii ilipigwa ETO yenyewe, kwenye majengo yaleyale, tofauti na Hotel Rwanda, iliyojulikana zaidi, ambayo sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Wengi waliofanya kazi kwenye filamu hii, mbele na nyuma ya kamera, walikuwa manusura. Maana yake kelele zile za langoni zilisikika tena Kicukiro, miaka kama kumi baada ya zile za kwanza, mbele ya watu waliozijua. Kuna waliosema haikuwa haki kuwafanyia watu hivyo, nami sina cha kuwajibu. Kuna manusura waliotaka kuwepo na kufanya kazi ile kwa mikono yao, na hao pia lazima wasikilizwe. Nimeshindwa kuzitanzua hoja hizi mbili, nimeona bora niziweke zote mezani kwa vijana.

Nilipoitazama peke yangu ndipo nilipogundua tulichokichomoa. Filamu inapoisha, majina yanapopanda, zinakuja picha za watu waliofanya kazi kwenye filamu hiyo: huyu alishughulika na mavazi, yule na vifaa, mwingine alikuwa msaidizi. Kila mmoja ameangalia kamera. Chini yake limeandikwa jina lake, kazi yake, na kwa maneno machache jinsi alivyonusurika au ndugu aliowapoteza. Kwa saa nzima na zaidi niliwalaumu watengenezaji kwa kutuonesha nyuso za uani bila majina, na majina yalikuwa pale mwishoni, mahali ambapo sisi sote tumefundishwa kuinuka.

Sikulala mapema usiku ule.

Dogo alikuja kwangu mwenyewe siku ya soko, kabla sijamwita. "Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa yule mama alitoka. Mimi nilidhani ni kama zile nyingine." Nikamwambia kosa ni langu, nilimpa kazi bila kumwambia ni kazi gani. Nikamwonesha zile picha za mwisho kwenye kompyuta. Alizitazama zote akiwa amesimama, kofia mkononi.

Tulirudia baada ya wiki mbili, safari hii watu wachache: wanafunzi 14 waliotaka wenyewe, wazee watatu, mimi na dogo. Mchana, madirisha wazi, spika moja. Nilianza na ubao. Nikachora ETO, Sonatubes, Amahoro na Nyanza, nikachora mstari wa safari ya watu wale, nikaandika tarehe. Nikawaambia filimbi zitaanza karibu na wakati gani na kwamba mlango hautafungwa. Dogo alitafsiri kwa sauti ya chini bila kumpa mtu jina ambalo filamu haikumpa. Palipokuwa na Kinyarwanda alinyamaza, na yule mzee wa mbele ndiye aliyesema, pale tu alipotaka kusema. Mara nyingi hakutaka. Mara moja alituomba tusimamishe, akaeleza kwamba wauaji na viongozi wao waliita mauaji "kazi". "Gukora," akasema. Ni neno ambalo sisi pia tunalo, mtu akitoka shambani unampa pole ya gukora. Msichana mmoja wa kidato cha nne akaweka kalamu chini.

Walioangalia safari hii waliuliza maswali tofauti. Mmoja aliuliza kama wale askari lorini waligeuka kuangalia nyuma. Mwingine aliuliza kwa nini François hakukataa, na mwenzake akamjibu kwa kumuuliza yeye angekataa, na kama angekataa, nani angemlinda. Walibishana karibu nusu saa. Hakuna aliyetaja steringi.

Mama Cherehani nilimwambia kuhusu picha za mwisho wiki ileile nilipoziona. Nilimweleza hazina sauti za kutisha, ni nyuso na maandishi tu, na kwamba hakuna anayemdai kuja. Akaendelea kushona. Nikadhani amekataa.

Siku ya onesho la pili, filamu ilipokaribia kuisha, alisimama mlangoni na futi kamba shingoni. Dogo alimwona kabla yangu, akampisha kiti cha mbele. Hakukaa. Picha ya kwanza ilipotokea akasema, "Simamisha." Dogo akasimamisha. Mama akalisoma jina, taratibu, kwa Kinyarwanda chake, likatoka tofauti kabisa na jinsi nilivyolisoma mimi usiku peke yangu. Akaniuliza maandishi ya chini yanasemaje. Nikamtafsiria. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mwingine."

Tulikwenda hivyo, uso kwa uso. Dogo alikuwa na kidole juu ya kitufe muda wote. Tulipofika kwenye picha ya mwanamke mmoja, Mama Cherehani alisogea mpaka karibu na skrini aliyoishona mwenyewe, akaitazama kwa muda. Ule mshono wa katikati ulikuwa umeangukia kwenye uso wa yule mwanamke, kati ya jicho na pua.

"Sogezeni mashine kidogo," akasema. "Mshono unamkata uso."

Tukainyanyua projekta, mimi huku na dogo kule, tukaisogeza mpaka uso ukakaa mzima upande wa kushoto. Ndipo akalisoma jina.